Kuazima Kinywa

Ukumbi wa stesheni ya TAZARA hapa Iyunga una dari la juu sana, na sauti ikiingia humo haitoki upesi. Mtoto akilia upande wa dirisha la tiketi, kilio huzunguka ukutani kwanza ndipo kimfikie mama yake. Wachina, Watanzania na Wazambia walioijenga reli hii kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, walikuwa wakifikiria watu wengi na mizigo mingi: viroba vya mchele wa Kyela, magunia ya viazi, ndoo za parachichi zilizofunikwa kwa khanga. Sidhani kama walifikiria maigizo. Lakini asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imewajaza abiria ndani ya mablanketi na makoti ya mtumba, wanafunzi wawili wa sekondari walikaa benchi la mbele yangu na kitabu kimoja kisicho na jalada, wakagawana wahusika. Kitabu chenyewe kilikuwa Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba ya mwaka 1988. Mmoja alishika sehemu ya Mzee Mitomingi, baba ambaye binti yake anatoroshwa na karani wa sensa. Alisoma mbiombio, kwa sauti ya mtu anayetafuta jibu la mtihani. Mwenzake akamzuia kwa mkono. "Acha hivyo bwana. Huyo ni mzee, kaibiwa mtoto. Soma kama umeibiwa." Yule wa kwanza akanyamaza, akameza mate, akaanza upya, na safari hii sauti ilitoka chini ya kifua, nzito, ikitetemeka kidogo. Bibi mmoja aliyekuwa akimenya chungwa aligeuka kutazama ni mzee gani huyo anayelalamika.

Kinywa ni jumba la maneno, walisema wazee, na nyumba huingiwa na wageni. Kijana yule hana binti, hajazaa, hajawahi kumwona karani akiwaacha wenyeji wake na fedheha. Lakini kwa dakika chache alimpa Mzee Mitomingi makazi kifuani mwake. Riwaya haidai hivyo. Riwaya hukuacha umelala ubavu, taa ya simu ikikumulika usoni, ukimfuata mhusika kwa macho tu, na ukimchukia unaweza kukifunga kitabu na kumwacha humo usiku kucha. Tamthilia hudai koo lako. Ukipewa sehemu ya mwizi, huna budi kuyasema maneno ya mwizi kama yeye mwenyewe angeyasema, kwa imani ya mtu anayejiona ana haki, maana hakuna mwizi anayejiita mwizi akiwa kazini. Ndiyo maana inaniuma kuona tunavyozisoma tamthilia shuleni. Tunazigawa katika dhamira, migogoro, falsafa na ujumbe, tunazipanga kwa namba za Kirumi ubaoni, wanafunzi wananakili, na kitabu kinapita kutoka kidato hadi kidato bila neno lake hata moja kupita kooni mwa mtu. Vizazi vizima vimeisoma tamthilia ya Kiswahili na havijaisikia. Semzaba, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mwigizaji na mwalimu wa sanaa za maonyesho mbali na kuandika tamthilia na riwaya, na naamini angeyafurahia maneno ya yule kijana kuliko uchambuzi wa kurasa arobaini.

Waandishi wanaokaa kwenye milango yote miwili, wa jukwaa na wa riwaya, hunivuta kuliko wengine. Huwa najiuliza wanajuaje kwamba jambo hili linataka vinywa vya watu kumi na lile linataka ukimya wa msomaji mmoja. Kezilahabi alituachia riwaya za Rosa Mistika na Kichwamaji, kisha Kaptula la Marx kwa ajili ya jukwaa. Lakini nikiwa huku Nyanda za Juu Kusini, ninayemfikiria zaidi ni M. M. Mulokozi. Mwaka 1979 alichapisha Mukwava wa Uhehe, tamthilia kuhusu Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani kutoka ngome yake ya Kalenga. Mwandishi alikuwa bado hajafika miaka thelathini, na hakuwa Mhehe. Alizaliwa mwaka 1950 huko Kagera, upande wa pili wa nchi, ambako wazee walisikiliza nanga, ala ya nyuzi. Baadaye, mwaka 1986, alikamilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamivu kuhusu tendi za nanga za Wahaya, na nadhani hapo ndipo ufunguo ulipo. Mtambaji wa nanga hukaa peke yake na ala yake mapajani, na wahusika wote humwingia yeye: mfalme, mke wa mfalme, adui wa mfalme, mjumbe anayeleta habari za kifo. Hana pa kujificha. Mtu aliyekulia karibu na sanaa ya namna hiyo halioni kuwa jambo la ajabu kuvuka nchi nzima na kumwazima kinywa mtu wa Kalenga.

Na huyo wa Kalenga alikuwa mtu wa kuogopwa kuazimwa. Historia yake tunaijua kwa tarehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliivamia safu ya jeshi la Kijerumani ikiwa njiani, wakamuua kamanda wake Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilianguka kwa mizinga ya Wajerumani. Ikafuata miaka ya porini, Mkwawa akihamahama na watu wanaopungua, watawala wapya wakitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, nduguye Mpangile akinyongwa mwaka 1897. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, akiwa amezingirwa, alijipiga risasi. Askari waliomkuta walimkata kichwa, na fuvu likasafirishwa Ujerumani. Hata Mkataba wa Versailles, katika kifungu chake cha 246, ulitaja fuvu hilo na kuagiza lirudishwe, agizo ambalo lilikaa zaidi ya miaka thelathini bila kutekelezwa. Gavana Edward Twining ndiye aliyelichagua miongoni mwa mafuvu ya jumba la makumbusho la Bremen, kwa vipimo vya mifupa, na mwezi Juni 1954 akalikabidhi kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, pale Kalenga. Hadi leo wapo wanaohoji kama fuvu lile ni lake kweli. Kwa vyovyote, mtu mmoja ana makaburi mawili: mwili Mlambalasi, kichwa Kalenga.

Tafakari kazi ya mtunzi anayekutana na mtu wa namna hii. Kila aliyemgusa Mkwawa baada ya kifo alimshika kama kitu. Askari alishika kichwa, mtaalamu akashika rula, gavana akashika sanduku, na wanadiplomasia walioandika jina lake katika mkataba wa amani huko Ulaya walimwandika kati ya vitu vya kurejeshwa. Tangu risasi ya Mlambalasi, mtu aliyekuwa akiamuru maelfu hakupata tena nafasi ya kusema. Wahehe wenyewe hawakunyamaza, kwao zilibaki nyimbo na simulizi, na pale mjini Iringa lipo jiwe la Gangilonga ambalo wenyeji husimulia kwamba lilikuwa likisema. Lakini nje ya Uhehe alikuwa fuvu na tarehe. Jukwaa ndilo linaloweza kufanya ambacho mkataba haukuweza, kwa sababu mwigizaji haleti mfupa, analeta pumzi. Anasimama mtu mzima mwenye kichwa na mwili pamoja, na anasema "mimi." Nadhani Mulokozi alianza na tamthilia kwa sababu hiyo. Mtu aliyekatwa kichwa alihitaji kwanza koo.

Halafu akarudi kwenye udongo ule ule kwa mlango mwingine. Mwaka 1990 ikatoka Ngome ya Mianzi, na mwaka 1996 Moto wa Mianzi, riwaya zilizoandikwa kwa ajili ya vijana, zenye Uhehe ya wakati wa Wajerumani ndani yake. Majina hayo ya mianzi hunipendeza. Aliyepita Iringa wakati wa masika anaijua mianzi ile: machipukizi yamekatwa vichwa, yameinama, na kwenye kila ncha kumefungwa mbeta, kipande cha mwanzi kinachopokea utomvu tone kwa tone. Mgemaji hupita asubuhi na jioni, anapunguza ncha kidogo kwa kisu chenye makali ili jeraha lisifunge, anamimina, anarudishia mbeta yake. Ulanzi wa siku hiyo ni mtamu, hata mtoto hupewa. Ukilala unakuwa mkangafu, na huo ni wa watu wazima. Mwanzi ukikatwa namna hiyo haufi, hutoa. Na maji ni yale yale, muda tu ndio unaoamua yatanywewa na nani. Habari ya Mkwawa aliyoigawia jukwaa mwaka 1979 ilikuwa na ukali wa watu wazima, yenye maswali ya utawala na kushindwa. Kwa vijana alichota mapema, wakati utamu ungali juu: safari, hatari, ujasiri, mtoto anayetumbukia katika vita asivyovianzisha. Sioni kwamba alijirudia. Kuna mambo ambayo taifa linahitaji kuyasikia hadharani pamoja na jirani, na kuna sehemu ya mambo hayo hayo ambayo mtoto anapaswa kuyakuta peke yake chini ya mwembe.

Ufaransa yuko mwandishi ambaye kazi zake hunirudisha Kalenga bila yeye kukusudia. Laurent Gaudé alizaliwa Paris mwaka 1972, akasomea tamthilia, akaanza kuandikia jukwaa kabla ya kuandika riwaya yoyote. Riwaya yake ya kwanza, Cris, ya mwaka 2001, inahusu mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na imeundwa kwa sauti za askari zinazopokezana, hata msomaji anahisi amekaa gizani akisikiliza watu wanaosema kwa zamu. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Goncourt kwa riwaya ya Le Soleil des Scorta. Lakini kitabu chake ninachokipenda ni kile kilichotangulia, La Mort du roi Tsongor, cha mwaka 2002, kilichopata Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari. Ni kisa cha mfalme wa kale katika nchi isiyo kwenye ramani, yenye sura ya Afrika. Tsongor ameteka nchi baada ya nchi maisha yake yote. Usiku wa kuamkia harusi ya binti yake anatokea mchumba wa pili anayedai ahadi ya zamani, na mfalme anaona kwamba akichagua mmoja, vita itakuja. Anaamua kufa. Anamwita mtu anayemshikia kigoda chake cha dhahabu, Katabolonga, mtu wa mwisho wa watu ambao Tsongor mwenyewe aliwaangamiza. Zamani Katabolonga aliapa kumuua, na mfalme aliipokea ile ahadi, akamweka karibu naye miaka yote. Sasa anamwambia atimize. Kifo hakizuii vita. Maiti inabaki bila kuzikwa huku wana wakichinjana, na mwana mdogo, Souba, anazunguka ufalme akijenga makaburi saba, kila moja kwa sura moja ya baba yake.

Makaburi saba ya mfalme wa kubuni, makaburi mawili ya mfalme wa kweli. Nikiviweka vitabu hivi pamoja, cha Gaudé na cha Mulokozi, naona tofauti ya mizigo yao. Mfaransa ana uhuru wa kumjengea mfalme wake kaburi popote, hakuna mjukuu atakayemjia mlangoni kumwambia babu yetu hakusema hivyo. Mulokozi aliandika juu ya mtu mwenye ukoo ulio hai, mwenye makumbusho yake Kalenga, mwenye jina lililopewa shule na baadaye chuo kikuu kishiriki pale Iringa. Uhuru una utamu wake, lakini mimi nauheshimu zaidi ujasiri wa pili. Kumwazima kinywa mtu asiyekuwapo kunahitaji ndoto. Kumwazima aliyekuwapo, mbele ya watu wake, kunahitaji pia adabu. Hata hivyo Gaudé naye amepita njia ya milango miwili. Mwaka 2003 alitoa tamthilia iitwayo Salina, na miaka kumi na mitano baadaye akaiandika upya kuwa riwaya. Katika riwaya hiyo kijana Malaka amembeba mama yake aliyekufa, na makaburini hawaingii mpaka mwana asimulie maisha ya marehemu yote, pamoja na mabaya yake, ndipo malango yaamue kufunguka au kubaki yamefungwa. Sijui kama ipo sheria nzuri ya mazishi kuliko hiyo. Asiyekuwepo na lake halipo, twasema, lakini huyo anapewa lake kupitia mdomo wa mwanawe.

Pamoja na mabaya yake: hapo ndipo Iyunga inaponishika bega. Ukiwa Iringa ni rahisi kumwona Mkwawa kama shujaa mtupu. Ukiwa huku, ukiondoka Iyunga kuelekea Mbalizi, magari ya mizigo ya Tunduma yakikupita kwa vishindo, unaikaribia Utengule, na Utengule inakumbuka mengine. Huko ndiko kina Merere, watawala wa Wasangu, walikokimbilia baada ya kusukumwa na Wahehe kutoka nchi yao ya tambarare, wakajenga boma la mawe. Kabla ya kushindwa, Uhehe ya Munyigumba na ya mwanawe Mkwawa ilikuwa imewashinda wengi. Wajerumani walipokuja, Wasangu waliona mlango wa kurudi kwao na wakaupita. Leo ni rahisi kuwaita wasaliti, lakini jaribu kuisema sehemu yao kwa sauti: nimefukuzwa kwetu, wazee wangu wamezikwa ugenini, na mgeni mwenye bunduki ananiambia atanirudisha. Ni nani mwenye hakika kwamba angekataa? Na chini ya hadithi hiyo ipo nyingine tena, ya Wasafwa, ambao ardhi yao ndiyo iliyolibeba boma lile, waliopokea mkimbizi akageuka kuwa mtawala juu yao. Mshindi wa hapa ni mshindwa wa pale. Katabolonga ameshika kigoda cha aliyewamaliza watu wake, na huku kwetu kuna makabila matatu manne yaliyowahi kushika kigoda namna hiyo kwa zamu.

Katika riwaya, msimulizi akitaka, Merere anaweza kupita mara moja kwenye aya, akaitwa kibaraka, akatoweka. Mbele ya hadhira hilo halifanyiki kirahisi. Akishaingia jukwaani ana miguu, ana macho, watu wanamtazama, na mwigizaji aliyepewa sehemu yake amekesha akitafuta kwa nini mtu huyu anafanya anayoyafanya. Hata mtunzi akimwandikia maneno machache, mwili wa mwigizaji utayajaza. Ebrahim Hussein aliliona hili katika Kinjeketile, ya mwaka 1969, alipomweka mtu wa vita vya Majimaji mbele yetu akiwa na shaka zake ndani, wakati nchi changa ilitamani shujaa asiye na shaka. Hatukumpenda Kinjeketile pungufu kwa sababu hiyo. Nami siamini kwamba Wahehe watampenda Mkwawa pungufu wakimsikia Merere akimjibu.

Mcheza kwao hutunzwa, na ningependa kuona Mukwava wa Uhehe ikichezwa Kalenga, nje, mbele ya wazee, bila mwalimu kusimama pembeni na orodha ya dhamira. Lakini ninachokitamani zaidi hakijaandikwa. Nataka kijana wa Kihehe, mzaliwa wa Iringa, aketi aandike tamthilia ya Merere katika miaka yake ya Utengule: mfalme anayepanga mawe katika nchi isiyo yake, mkewe anayeuliza wataondoka lini, mzee wa Kisafwa anayekuja na fimbo yake kudai shamba. Awape wote watatu maneno yenye nguvu sawa. Kisha igizo lianzie kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa, kwa Wahehe wenyewe, na sehemu ya Merere apewe mtu wa Kalenga, na ya yule mzee wa fimbo apewe Msangu. Mazoezi yatakuwa magumu. Kuna mahali ambapo Merere lazima alitaje jina la aliyemfukuza, na mwigizaji wetu wa Kalenga itambidi alitamke jina la babu yake kwa chuki ya kweli, kila siku ya mazoezi, mpaka mwongozaji aseme sasa naamini.